Toa Spika Kabatini

Nyumba nyingi ninazoingia hapa Maua, pesa ya miraa imenunua redio kubwa kisha ikaifungia kabatini. Spika moja iko juu karibu na dari, nyingine chini nyuma ya kochi, zote zimefunikwa vitambaa. Wufa imesukumwa kwenye kona. Halafu mwenyewe anapandisha sauti na kuniuliza, "Unaskia hiyo besi?"

Besi naiskia, mzee. Gitaa ndilo siliskii.

Kona huivimbisha besi, maana kuta mbili na sakafu zinairudisha chumbani. Mabati nayo yanarudisha sauti nyembamba hadi masikio yachoke. Cheza TPOK Jazz ya Franco hapo: lile gitaa la mi-solo, linalopita kati ya rithimu na solo, limezama kabisa. Umelipia bendi nzima, unasikiliza ngoma tu.

Mwenye duka atakwambia uongeze wufa ya pili. Kataa! Dawa ni bure. Weka spika usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Zitenganishe kama mita 2, nawe ukae mita 2 kutoka kila moja. Zivute mbele kidogo ziachane na ukuta. Wufa itoke konani. Vua vile vitambaa; pazia zito na zulia ndivyo vinavyopunguza mwangwi.

Kisha punguza sauti. Ukuta wa mbao hauzuii besi, na mtoto wa jirani ana mtihani kesho. Ukishapanga vizuri, hutahitaji kumwamsha ndiyo umsikie Franco.