Nani Atatuwekea Bilioni?

Mo Dewji alipopatikana akiwa hai, nilifurahi. Wacha niliseme hilo mapema kabla hujaniita mwenye wivu. Tajiri naye ana mke, ana watoto, na anaogopa bunduki kama mimi na wewe.

Lakini hebu tukumbuke alivyotafutwa. Alfajiri ya Oktoba 11, 2018, watu wenye silaha walimteka pale hoteli ya Colosseum, Dar es Salaam, alipokuwa amefika kufanya mazoezi. Barabara zikawekewa vizuizi. Familia ikaahidi shilingi bilioni 1 za Tanzania kwa yeyote mwenye habari. Oktoba 19, mkuu wa polisi Simon Sirro akasimama mbele ya kamera na picha za gari la watekaji. Kesho yake, jamaa akaachwa viwanja vya Gymkhana. Polisi walisema watekaji walitaka pesa.

Siku tisa tu. Kumbe serikali ikitaka kutafuta mtu, inajua kutafuta!

Sasa niambie kuhusu Azory Gwanda. Huyo alikuwa mwandishi wa kujitegemea kama mimi, akiripoti mauaji ya Kibiti. Alitoweka Novemba 21, 2017, hata mwaka haujaisha kabla ya Mo kutekwa. Hakuna bilioni, hakuna picha ya gari. Julai 2019, waziri Palamagamba Kabudi aliambia BBC kuwa Azory alitoweka na kufa, halafu akageuka, akasema hakueleweka vizuri. Mpaka leo, kimya.

Usicheke Watanzania, ndugu yangu. Desemba 2024, tume yetu ya haki za binadamu ilihesabu Wakenya 82 waliotekwa tangu Juni mwaka huo, na 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Rais akaenda Homa Bay, akaahidi utekaji utakoma, ila papo hapo akawakumbusha vijana wawe na nidhamu. Nidhamu! Kwani kuna mtu alimwambia Mo awe na nidhamu?

Na sisi wenyewe tumeingia kwa huo mchezo. Kaa kibanda chochote cha chai hapa Kakamega usikilize. Mwenye biashara akitekwa, watu wanauliza, "Wanataka pesa ngapi?" Kijana akitupwa ndani ya gari lisilo na namba, wanauliza, "Kwani aliandika nini?" Swali la kwanza linamtafuta mtu. La pili limeshamhukumu.

Mtekaji wa fidia, mshenzi vile alivyo, hupiga simu. Anataja bei, mnalia, mnachanga. Anayeteka kijana kwa sababu ya mdomo wake hapigi simu, maana anachotaka ni kimya, na kimya hakichangiwi harambee. Mama anazunguka vituo vya polisi na picha ya mtoto, kila meza inamwambia hayuko hapa.

Katiba yetu, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Haijasema uwe na kampuni kwanza.

Sitaki Mo angetafutwa kidogo. Nataka mkuu wa polisi asimame mbele ya kamera na picha ya gari, hata kama aliyechukuliwa ni msee wa Lurambi mwenye shilingi 40 kwa simu.