Asilimia 70 si ahadi

Tangu Marekani ianze kutoa rasmi tathmini za jenomu kwa ng'ombe wa Holstein mwaka 2009, dume mchanga hufikia uhakika wa takriban asilimia 70 katika kukadiria wingi wa maziwa ya mabinti wake. Ukitazama wazazi tu, huvuki sana asilimia 40. Dume mwenye mabinti wengi waliokwisha kukamuliwa hupita 90. Kwa hiyo makadirio ya dume mchanga bado yaweza kushuka. Dawa ni kutumia mbegu za madume kadhaa, anayepungua afidiwe na mwenzake. Nasi tunaohimilisha machotara Afrika Mashariki tukumbuke: makadirio hayo yametokana na ng'ombe wa Marekani, kwa malisho na hali ya hewa ya huko.