Fungueni daftari la nasaba

Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuendelea kuzalisha mbwa wa aina ya Cavalier King Charles wao kwa wao ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama. Ni uamuzi wa haki, na wapenzi wa mbwa hao walistahili kuwa wa kwanza kuushangilia. Mara nyingi fuvu la mbwa huyu haliutoshi ubongo wake. Maji ya ubongo hukwama, yakajikusanya vifukovifuko ndani ya uti wa mgongo, na mgonjwa huonekana akijikuna hewani kando ya shingo, ukucha usiguse hata ngozi. Valvu ya moyo nayo huanza kuvuja mapema. Haya hayakuletwa na chakula kibaya wala na mwenye mbwa katili, bali na daftari la nasaba: mtoto hasajiliwi mpaka baba na mama wawe wamo humo, kwa hiyo ndugu hupandishwa na ndugu, na kasoro ya babu haina pa kutokea.

Wazalishaji husema kwamba wao hupima kabla ya kupandisha. Wengi ni wakweli, na vipimo husaidia, lakini kasoro ikishaenea karibu ukoo mzima, utamchagua nani? Hoja yao nzito zaidi ni kwamba damu ya nje itaiua aina yenyewe. Hapo Dalmatian anawasuta. Mbwa hawa wa madoadoa wote walikuwa na kasoro moja ya kurithi inayoweza kuleta mawe kibofuni. Dume akizibwa njia ya mkojo asitibiwe, hufa. Mwaka 1973, huko Marekani, mtaalamu wa jenetiki Robert Schaible alimchanganya Dalmatian na mbwa wa aina ya Pointer mara moja tu, kisha uzao ukarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi. Wakapatikana mbwa wasio na kasoro ile, na madoa yao wanayo. American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa huko, kilikuja kuwafungulia daftari mwaka 2011, damu ya Pointer ikiwa imeshuka chini ya asilimia 1. Miaka 38, kwa ajili ya babu mmoja asiye Dalmatian!

Ni kweli, chotara naye huugua. Ila hakuna cheti kinacholinda ugonjwa wake. Basi wewe unayetafuta mtoto wa mbwa, kabla ya kuonyeshwa cheti cha ukoo, dai majibu ya vipimo vya moyo vya wazazi wake. Muuzaji asipokuwa nayo, mwachie mbwa wake.