Lori la Rimoti: Chuma Si Dawa ya Kila Kitu

Haya wasomaji wangu, leo tuweke programu kando kidogo tuongee magari. Sisemi Toyota wala Subaru, nasema yale madogo ya rimoti.

Ukiwa na lori la rimoti, siku moja utagonga jiwe na mkono unaoshika gurudumu la mbele utakatika. Hapo hapo rafiki atakwambia, "Weka alumini bwana, usahau hiyo taabu." Picha za spea hizo nazo zinavutia kweli, zinang'aa buluu na nyekundu. Mimi napinga ushauri huo, na nitawaambia kwa nini.

Chukua mfano wa Traxxas Slash, lori la kipimo cha 1/10 lililotoka Marekani mwaka 2008. Nazungumzia lile linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Likigonga jiwe kwa kasi, kile kishindo hakipotei, kinahama. Mkono wa plastiki ukikatika, umekimaliza pale pale. Mkono wa alumini ukikataa kukatika, kishindo kinaingia kwenye pini, kutoka hapo kinaenda kwenye kishikio, na mwisho kinafika kwenye fremu. Kubadilisha mkono ni kufungua skrubu chache tu. Kubadilisha fremu ni kulifungua lori zima! Tena alumini ikipinda haijinyooshi, kwa hiyo gurudumu litabaki limekaa upande.

Sisi wa programu somo hili tunalijua. Kila mfumo una mahali utakapovunjikia. Kazi yako ni kupachagua mahali hapo mapema, pawe padogo, pa bei rahisi, na pa kufikika haraka.

Kwa hiyo kwa sehemu zinazogongwa, yaani mikono na bampa, mimi nachagua nailoni ngumu kama ile inayotengenezwa na RPM ya California. Inapinda, halafu inarudi. Na ujanja mmoja: nailoni iliyokauka sana hukatika kirahisi, ndiyo maana wapenzi wengi wa mchezo huu huchemsha spea mpya kwenye maji ili zinywe unyevu kidogo kabla ya kufungwa.

Je, chuma hakina kazi? Kinayo, kwenye sehemu zinazosokotwa. Shafti za plastiki zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma zinavumilia mota ya kawaida ya brashi. Ukiweka mota isiyo na brashi na betri ya lipo ya seli 3 (volti 11.1), zitajisokota kama kamba. Hapo nunua za chuma cha pua au chuma kigumu, usibane pesa. Ile gia ndogo ya kwenye mota nayo iwe ya chuma.

Lakini gia kubwa inayosukumwa na hiyo ndogo, iache iwe ya plastiki. Ni rahisi, na ni heri iliwe yeye kuliko gia za ndani. Klachi nayo usiikaze mpaka mwisho. Kule kuteleza kwake kidogo ndiko kunakookoa gia lori likitua kutoka juu huku magurudumu yanazunguka. Na ukinunua sevo ya usukani yenye gia za chuma, usiondoe kile kijimkono cha springi kinachoikinga.

Usisahau beringi. Kwa vumbi letu, chukua zenye kifuniko cha mpira.

Kwa nini nakazania jambo dogo hivi? Kwa sababu hapa Kenya spea nyingi za magari haya tunaagiza nje. Unalipa bei, usafiri na ushuru, halafu unasubiri. Kijana aliyejinyima miezi kadhaa anunue lori, akapasua fremu kwa sababu ya mkono "usiovunjika", huenda asirudi tena kwenye mchezo huu. Tutakuwa tumempoteza fundi. Maana mchezo huu ndiko wengi hushika bisibisi na waya kwa mara ya kwanza.

Ushauri wangu kwa kifupi: agiza mikono miwili ya nailoni na pini zake, na ile ya zamani iweke kwenye mkoba kama akiba. Pesa inayobaki, nunua betri ya pili uendeshe zaidi.

Na wewe je, lori lako huvunjikia wapi? Ukishajua hapo, ndipo utoe pochi.