Wenye nyumba tusing'oe milango

Nami natoa dukuduku langu kuhusu jambo linaloandikwa mara kwa mara katika ukurasa huu, yaani uhusiano wa wapangaji na wenye nyumba. Barua nyingi hutoka kwa wapangaji, nazo husema mwenye nyumba ni mnyonyaji. Chache hutoka kwa wenye majumba ya mijini, nazo husema mpangaji ni mkorofi. Sisi wenye nyumba wadogo, wa vyumba vitatu au vinne, hatuandiki. Pengine ni kwa sababu hatujui tuko upande gani. Kazini sisi ni wafanyakazi, kwa mpangaji ni matajiri, na dukani ni wadaiwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilosa. Mwaka 2019 nilimaliza kujenga nyumba ya vyumba vinne Kilosa mjini, kwa mkopo unaokatwa katika mshahara wangu. Niliijenga mbali na mto Mkondoa, maana yeyote aliyekuwapo wakati wa mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyobomoa nyumba za watu na kuharibu reli, hawezi kuusahau mto ule. Kila chumba nilikipangisha kwa shilingi 30,000 kwa mwezi.

Wako wanaoniuliza, je, mtumishi wa umma kupangisha nyumba si ubepari? Swali hili si la kuchekwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiishi humo, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kazi za Msajili ziliingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na masharti yale ya uongozi yakalegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Kwa hiyo leo sivunji sharti lolote. Lakini sharti likiondolewa, swali lililolizaa halikuondolewa: je, kodi ninayopokea ni malipo ya jasho langu, au ni jasho la mwenzangu?

Kwanza nitoe hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Nyumba ilinigharimu shilingi 13,800,000. Vyumba vyote vikijaa napata shilingi 120,000 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa darasa la sita atakueleza kuwa nahitaji zaidi ya miaka tisa na nusu kurudisha fedha zangu, bila chumba kukaa kitupu hata siku moja. Na vyumba hukaa vitupu. Katika miaka mitatu ya kwanza chumba kimoja kilikosa mtu miezi minne, ikapotea 120,000. Shimo la choo lilititia wakati wa masika, nikatumia 310,000. Mpangaji mmoja alishindwa kulipa 90,000, na mwingine alihama usiku akiwa na deni la 200,000. Jumla ni 720,000, nusu kamili ya kodi ya mwaka mzima. Basi anayedhani tunalala tukiamka matajiri, na aje tuamke pamoja alfajiri kutafuta fundi wa choo.

Hata hivyo, faida zipo, nazo si za fedha tu. Chumba cha kwanza anakaa mzee mmoja mstaafu wa reli. Ndiye anayefagia uwanja bila kuambiwa, na ndiye anayenipigia simu bati likipeperuka. Chumba cha pili aliwahi kukaa muuguzi kijana, na mke wangu aliposhikwa na uchungu usiku tukiwa mjini, ndiye aliyekuja mbio na kanga mabegani. Kodi ya chumba kimoja hununua madaftari na sare za wanangu kila Januari. Na siku ya Jumamosi nikikaa barazani na wapangaji wangu tukinywa kahawa, naona kuwa nimejenga kitu ambacho mshahara peke yake usingenipa. Nyumba ni watu, si matofali.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu bila hilo barua hii haina maana.

Mwezi Desemba 2019 nilimpangisha mama mmoja mwenye watoto wawili, muuza vitumbua langoni mwa shule moja ya mjini. Kama ilivyo desturi yetu wenye nyumba, nilimdai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, shilingi 180,000. Alikopa, akalipa. Machi 2020 shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, zikafunguliwa tena mwishoni mwa Juni. Hapo ndipo fikira zangu zilipopaswa kufanya kazi. Mimi mwalimu nilikuwa nyumbani, lakini mshahara wangu uliingia kila mwezi. Yeye lango lake la biashara lilifungwa, na hakuna aliyemlipa senti. Juni miezi sita ikaisha. Nikadai mingine sita. Hakuwa nayo. Juni, Julai na Agosti zikapita, deni likafika 90,000.

Wakati huo ujenzi wa reli ya kisasa, kipande cha Morogoro hadi Makutupora kilichoanza mwaka 2018, ulikuwa umetuletea vijana wengi wenye kutafuta vyumba. Mmoja alikuja na shilingi 240,000 mkononi, miezi sita kwa 40,000. Tamaa ikanishika. Siku moja ya Septemba nilikwenda na fundi, tukang'oa mlango wa chumba cha yule mama tukaondoka nao. Mwenye nyumba yeyote anayesoma hapa anajua maana yake. Humwambii mtu ahame, unamwachia usiku umwambie. Kesho yake alihama.

Baada ya wiki mbili mwalimu mkuu aliniletea darasani mtoto aliyehamia shuleni kwetu, darasa la tatu. Mama yake alikuwa amekuja kuishi kwa kaka yake pale kijijini. Mtoto alisimama mbele ya wenzake, akanitazama, akasema kwa adabu zote: "Shikamoo, baba mwenye nyumba." Darasa zima likacheka, kwa kuwa halikujua. Mimi niligeukia ubao, nikaandika tarehe ambayo tayari ilikuwa imeandikwa.

Deni lile sikulidai tena. Mtoto yule nilimfundisha, na mwaka 2024 alimaliza darasa la saba. Mama yake huuza vitumbua langoni kwetu na hunisalimu vizuri, nalo hilo ndilo linaloniuma kuliko kama angenitukana. Na yule kijana wa 40,000 ndiye niliyesema alihama usiku, akiniachia deni la miezi mitano. Mtaka yote hukosa yote.

Ndugu Mhariri, sitoi habari hii ili nihurumiwe. Naitoa kwa sababu nimeona ndani yake makosa ambayo si yangu peke yangu.

Kosa la kwanza ni kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa watu wanaopata riziki yao kwa siku. Muuza vitumbua hupata leo na hula leo. Shilingi 1,000 kwa siku anaiweza, na ndiyo 30,000 kwa mwezi. Lakini 180,000 kwa mkupuo haiwezi ila kwa kukopa, na akishakopa huanza mwezi wa saba akiwa na madeni mawili, langu na la aliyemkopesha. Kwa hiyo sisi wenyewe ndio tunaomtengeneza mpangaji asiyelipa. Tangu mwaka 2021 nimepokea kodi kwa mwezi, na mwenye mshahara akipenda hulipa miezi mitatu. Hakuna aliyenipita na deni la zaidi ya mwezi mmoja. Wenzangu husema kukusanya kila mwezi ni usumbufu. Ni kweli. Lakini usumbufu huo ndio kazi ya mwenye nyumba, la sivyo kodi hiyo tunalipwa kwa kazi gani?

Kosa la pili ni kupangishana kwa maneno matupu. Mimi na yule mama hatukuandikiana hata mstari mmoja. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni maelewano ya mwenye nyumba na mpangaji wake. Sasa kama ni maelewano, yaandikwe: kodi kiasi gani, hulipwa lini, nani anatengeneza kitasa, nani anazoa taka, na notisi ni ya muda gani. Mkataba wa ukurasa mmoja, nakala mbili, shahidi mmoja kila upande, na ofisi ya serikali ya mtaa ijue nani anaishi wapi. Na kila shilingi iwe na stakabadhi.

Kosa la tatu ni hili la kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa kupitia LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Kodi hii ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo ndiye anayekatwa. Katika nyumba yangu mita ni moja kwa vyumba vinne, na mwanzoni mwa mwezi kila mmoja alikuwa akimvizia mwenzake anunue kwanza. Tulikaa gizani siku mbili kwa ajili ya shilingi 1,500! Sasa anayekatwa huniletea ujumbe wa malipo, nami nampunguzia katika kodi ya chumba. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Mwenye nyumba anayekaa kimya juu ya fedha hiyo anamlipisha mpangaji deni lisilo lake.

Wapangaji nao nawaambia: mwenye nyumba mdogo si benki. Ukikwama, sema mapema. Ukinificha mwezi wa kwanza, wa pili utanikimbia na wa tatu utahama usiku. Nyumba unayoikojolea ukutani ndiyo hiyo mwanao anayochezea.

Mwisho, naiomba serikali jambo moja. Mgogoro ukizuka njia ipo. Baraza la Kata husuluhisha, na wasipopatana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini kwa deni la 90,000, nauli na siku za kuhudhuria zaweza kulimaliza deni lenyewe, na ndiyo maana wengi wetu hukimbilia nyundo na bisibisi. Yafaa madeni madogo ya kodi yapatiwe utaratibu mfupi, karibu na watu, wenye uamuzi ndani ya siku chache unaozifunga pande zote mbili. Na ofisi za mitaa na vijiji ziwe na fomu rahisi ya mkataba wa kupangisha, kwa Kiswahili, ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza.

Kabla hayo hayajaja, wenye nyumba wenzangu, tuanze na lililo mikononi mwetu. Kupangisha si dhambi. Tumejenga kwa jasho, na mwenzetu amepata pa kulaza watoto. Lakini mlango ule tulioujenga kwa jasho letu unalinda usingizi wa mtoto wa mtu. Tudai, tuandike, twende barazani. Tusing'oe mlango.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.