Mwaka wa pili uko mukononi mwa nani?

Mwaka 2025, kuanzia mwezi wa saba mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, kijana wa Goma alikaa bila kontra. Jonathan Kuminga alikuwa amemaliza kontra yake ya kwanza na ekipe ya Golden State Warriors kule Marekani. Hapa Dilolo vijana walifuata habari hiyo kwenye telefoni, na wakubwa wakauliza kama kawaida: «Juu ya nini mutu anakataa mamilioni ya dola?»

Ni swali la maana, na jibu lake linatugusa sisi watu wa mugodi kuliko tunavyofikiri.

Mambo yalikuwa hivi. Ekipe ilimuwekea mezani kontra ya mwaka moja, karibu dola milioni 7.9. Sheria ya ligi ya NBA inasema: muchezaji aliyemaliza kontra ya kwanza, kama ekipe yake imemupa ofa ya namna hiyo, ana ruhusa ya kutafuta pahali pengine. Lakini akipata bei kwingine, ekipe ya zamani ina haki ya kulipa bei ileile na kubaki naye. Kwa hiyo ekipe zingine haziji. Nani atapoteza wiki nzima kupanga bei ya muzigo ambao mwenyewe anaweza kuurudisha nyumbani kwa neno moja? Mulango unaonekana wazi, kumbe ufunguo uko mufukoni mwa bosi.

Tarehe 30 ya mwezi wa tisa, siku moja mbele muda wa ile ofa kuisha, wakakubaliana: miaka miwili, hadi dola milioni 48.5. Tena hapo musisome hesabu tu, musome na masharti. Mwaka wa pili haukuwa wa Kuminga. Ekipe njo ilipewa haki ya kuamua kama unafanyika ao haufanyiki.

Tusidanganyane, hakuna wa kumulilia. Mutu mwenye makuta hayo halali njaa. Tunachoangalia ni namna kontra inavyotengenezwa, kwa sababu namna ileile inashuka mpaka kwa mutoto wa miaka kumi na tano ambaye hana hata viatu vya kuchezea.

Sasa mulinganishe na mwana wa Lubumbashi, Bismack Biyombo. Mwaka 2015 alitia mukono na Toronto Raptors, miaka miwili, kwa bei ndogo. Lakini kwenye karatasi yake mwaka wa pili ulikuwa mukononi mwake yeye: akitaka abaki kwa karibu dola milioni 2.9, asipotaka aende. Alicheza vizuri sana. Mwaka 2016 makuta ya televizyo yakaingia mengi kwenye ligi, kipimo cha mishahara ya kila ekipe kikapanda kutoka milioni 70 mpaka milioni 94. Biyombo akaacha zile milioni 2.9, akaenda Orlando Magic: miaka mine, dola milioni 72. Ni sentensi ileile ya mwaka wa pili. Kwa moja ilikuwa ya muchezaji, kwa mwengine ikawa ya bosi.

Wenye kufanya kazi kwenye kampani za sous-traitance za Kolwezi wanaelewa jambo hili bila mwalimu. Code du travail yetu ya mwaka 2002 inasema kontra ya muda haiwezi kupita miaka miwili, na kwa mutu aliyeoa na anayekaa mbali na jamaa yake, mwaka moja. Inasema tena kwamba bosi moja hawezi kuirudia zaidi ya mara moja. Na bado tunajua mababa ambao kila mwisho wa mwaka wanarudi nyumbani wakisema: «Banasema tungojee kwanza.» Kungojea, hiyo njo bei ya mwaka wa pili ulio mukononi mwa mwengine. Huwezi kujenga nyumba, huwezi kuandikisha mutoto masomo ya mbali. Kuminga aligojea na makuta ya kontra ya zamani benki. Wengine wanangojea na deni la duka.

Kuna jambo lingine, na hilo ni la kipimo. Kule Musompo, creuseur anafika na mifuko yake, négociant njo mwenye kilo, tena njo mwenye Metorex. Yule anayenunua njo anayesema teneur ni ngapi. Mutoto mwenye kipaji yuko vilevile: bei yake inasemwa na yule anayetaka kumununua. Wakongomani watatu, Biyombo mwaka 2011, Emmanuel Mudiay mwaka 2015, Kuminga mwaka 2021, wote walichaguliwa nambari saba kwenye drafti ya NBA. Kwa nambari hiyo mushahara wa kwanza unapangwa na tabulo ya ligi, na mwaka wa tatu na wa ine tena ni ekipe inayoamua. Ikiwa kijana anakomaa pole pole, wakati wa bei yake nzuri unaweza kupita. Mudiay, aliyezaliwa Kinshasa, baada ya kontra ya kwanza alipata Utah Jazz kwa mwaka moja tu.

Na Oscar Tshiebwe, huyu ni wa Lubumbashi kabisa. Mwaka 2022 alichaguliwa muchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Wenzake waliozaliwa kule walikuwa wanalipwa juu ya jina na picha zao. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo haikumuruhusu kufanya kazi ya namna hiyo ndani ya Marekani. Ilibidi ekipe yake ya Kentucky iende kucheza Bahamas mwezi wa munane, njo pale, inje ya inchi, aliweza kufanya matangazo na kulipwa. Kazi ni ileile, jasho ni lile lile, karatasi njo ilikuwa tofauti.

Turudi kwetu. Dilolo iko kwenye mupaka, reli inavuka mpaka Luau, na ng'ambo ni Angola, inchi ambayo imechukua kombe la Afrika la basketi mara 12, la mwisho likiwa la 2025 pale Luanda. Petro de Luanda walichukua ligi ya Afrika, BAL, mwaka 2024. Kwa hiyo siku mutu akifika na karatasi ya Kireno, akisema mutoto wenu ni murefu, anakuja kumupeleka Luanda, musishangae. Ila mujue: sheria za FIBA zinakataza muchezaji ambaye hajafikisha miaka 18 kuhama inchi, isipokuwa kwa hali za pekee zinazokubaliwa na FIBA yenyewe. Kwenye mupira wa miguu FIFA nayo inasema vile, na inaongeza kwamba kontra ya mutoto wa chini ya miaka 18 haiwezi kupita miaka mitatu. Na katiba yetu, kifungu cha 41, inasema mutoto ni kila mutu ambaye hajafikisha 18. Karatasi ya miaka saba aliyotiwa mukono na mutoto wa miaka 15 kwenye meza ya nganda, hiyo si kontra, ni mutego.

Hatusemi kila manaja ni mwizi. Kuna wanaotoa makuta yao kwa pasporti, kwa safari, kwa chakula, na wana haki ya kurudishiwa. Kwa NBA ajenti hawezi kupitisha asilimia 4 ya mushahara. Akikuomba nusu, mwulize aliyoiona wapi.

Na mukufunzi wa kata? Yeye njo anasahauliwa. Kwa mupira wa miguu, muchezaji akiuzwa inje ya inchi, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zilizomufundisha kuanzia miaka 12 mpaka 23. Tufanye hesabu. Kijana ameuzwa dola milioni moja: klabu zote zinagawana 50,000. Klabu ya Dilolo iliyokuwa naye kwa misimu ya miaka 13 na 14 ingepata 5,000. Ni mipira na viatu vya miaka mingi. Lakini inalipwa tu kama klabu imeandikwa kwenye federasyo na mutoto ana fishi yake ya msimu ule. Na yule aliyekatiwa miaka mitatu kwenye acte de naissance ili aonekane mudogo, fishi yake haitakubaliana na pasporti.

Kwa hiyo mama, baba, mukiletewa karatasi musianze na bei. Muulize kwanza mwaka wa pili unaamuliwa na nani. Muulize nani analipa tiketi ya kurudi kama goti limevunjika. Itafsiriwe mbele yenu, neno kwa neno, na mutu ambaye hakuja na yule manaja. Kopi moja ibaki nyumbani, pamoja na karatasi za paruwasi na acte de naissance.