Simu ya kijana: Usiipokonye tu, mwonyeshe pa kwenda

IWAPO nyumbani kwako mna kijana wa kati ya miaka 13 na 18, huenda umewahi kuichukua simu yake usiku wa manane na kuifungia kabatini. Sikulaumu. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa pendekezo kwamba kijana wa umri huo alale baina ya saa 8 na 10 kila usiku. Sasa hebu piga hesabu: anayelala saa sita za usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri kulisubiri basi la shule amepata saa 5 tu. Halafu tunashangaa kwa nini anasinzia darasani na kununa mezani!

Hata hivyo, kupokonya simu peke yake si dawa. Kijana ataazima ya rafikiye, au atangoje likizo kwa hamu, maana shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na akishaipata hiyo likizo atakesha nayo kama mtu aliyefunguliwa jela. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba sisi wazazi tunayajua kwa majina mahali tusipotaka watoto waende kwenye mtandao, lakini tukiulizwa waende wapi, tunabaki kujikuna kichwa.

Mahali pazuri papo, tena pa bure. Chukua Khan Academy, shirika lisilo la faida lililoanzishwa Marekani mwaka 2008 na Salman Khan. Humo kijana anayetatizwa na aljebra au kemia anapata mafunzo ya video na mazoezi bila kulipa hata ndururu, wala hasumbuliwi na matangazo ya biashara. Anaweza kurudia somo mara kumi bila mwalimu kumkasirikia. Kasoro yake ni kwamba mpangilio wa masomo ni wa Kimarekani. Kwa hivyo mwambie aangalie kwanza mtaala wetu, na hapo ndipo tovuti ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, inapofaa, kwani ina vifaa vya masomo vilivyotayarishwa kwa shule zetu.

Kuhusu kusoma vitabu, mzazi anayelalamikia gharama ya bando anafaa kuijua Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, kabla intaneti yenyewe haijajulikana na watu wa kawaida. Ina zaidi ya vitabu 70,000 ambavyo muda wa hakimiliki zake umekwisha Marekani. Vingi ni vya Kiingereza na ni vya zamani, lakini riwaya nzima ya maandishi matupu aghalabu haifikii megabaiti 1 au inapita kidogo tu. Video chache za densi humaliza zaidi ya hizo kabla chai haijapoa. African Storybook nayo ina hadithi fupi katika Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Ni za watoto wadogo, ndiyo, lakini tovuti hiyo inamruhusu msomaji kutafsiri au kuandika hadithi yake mwenyewe. Mpe binti yako kazi ya kumtafsiria mdogo wake hadithi moja kwa lugha ya nyumbani, kisha uone kama hatampigia nyanya yake simu kuuliza maneno.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hatupendi kulitaja. Kijana akiona chunusi, akichelewa kupata hedhi au akishikwa na huzuni isiyoisha, aghalabu huiuliza simu kabla ya kumwuliza mama. Na simu humjibu lolote, likiwemo la mwuza krimu. Tovuti ya KidsHealth ya shirika la Nemours, Marekani, ina sehemu maalumu ya vijana iliyoandikwa kwa Kiingereza chepesi na kukaguliwa na madaktari. Haichukui nafasi ya daktari, lakini ni afadhali mara mia kuliko uvumi wa bwenini.

Sasa tuje kwenye urafiki, penye vita vikali zaidi. Instagram na TikTok huweka umri wa chini kuwa miaka 13, na wazazi wengi hudhani umri huo uliteuliwa na daktari. La hasha! Chanzo chake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya habari za watoto walio chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Ni suala la habari, wala si la utulivu wa akili. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto kutumiwa, na mtoto nchini Kenya ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa hivyo usione haya kusema 'bado' kwa kijana wa miaka 14, hata akikuapia kwamba darasa zima limo.

Lakini ukisema 'bado', mpe mbadala. Scratch, iliyoanzishwa mwaka 2007 katika chuo cha MIT, inawawezesha vijana kutengeneza michezo na katuni, kuonyeshana kazi na kutoleana maoni. Haina ujumbe wa faragha, kwa hivyo mtu mzima mwenye nia mbaya hana kichochoro cha kumvutia mtoto pembeni. Isitoshe, inaweza kutumiwa kwa Kiswahili.

Kabla ya kumtuma kijana wako kwenye tovuti yoyote kati ya hizi, ingia mwenyewe Jumamosi hii, ukae nusu saa. Kisha keti naye, simu ikiwa mezani wala si chini ya blanketi, na mkubaliane saa ya kuizima. Mwonyeshe pia nambari 116 ya Childline Kenya, ambayo haitozi pesa, iwapo kuna anayemtisha au kumtaka picha naye anaogopa kukwambia.